Kilichopungua kwa Ta Byarugaba

Asubuhi ile Avit wa makadirio ya kodi alipoingia mtaa wa Kashai, Shamsia alikuwa amechuchumaa mbele ya jiko la mkaa akigeuza chapati kwa ncha za vidole, kwa sababu kijiko chake cha kugeuzia kilikuwa kimevunjika mpini na hajapata kingine. Kibanda chake kilikuwa cha mabanzi, kimeezekwa bati kuukuu, na kilitosha benchi moja, meza moja, na yeye mwenyewe akisimama kiubavu. Asubuhi aliuza chai na chapati, mchana ndizi za maharage. Wateja wake walikuwa vijana wa bodaboda wa kijiwe cha ng'ambo ya barabara, ambao walikula kila siku na kulipa walipokumbuka.

Avit alikuwa kijana wa Muleba, mpole, mwenye viatu vilivyopigwa rangi mpaka mawingu yakaonekana ndani yake. Alipiga hodi ingawa kibanda hakikuwa na mlango. Shamsia akasema, "Karibu ndani," na kosa lake lilikuwa hilo tu.

Bibi yake aliyemlea kule Izigo alikuwa na sheria chache, na ya kwanza ilikuwa hii: mgeni akishapita chini ya paa lako, usimlishe njaa yako. Akiuliza habari, ni nzuri. Hata kama jana mmelala kwa maji ya moto, ni nzuri. Basi Shamsia akapangusa benchi kwa ncha ya kanga, akamkalisha Avit, akamwekea emwani kwenye kisahani, zile buni zilizochemshwa na kukaushwa ambazo huku mgeni hutafuna kabla ya neno lolote. Zikafuata chai ya maziwa na chapati za moto, na moja akaikunja kwenye gazeti ili ampelekee mkewe.

"Sasa dada Shamsia," alisema Avit, akijifuta mafuta vidoleni kabla ya kushika simu yake pana, "biashara inaendaje?"

"Tunashukuru Mungu. Inakwenda vizuri sana."

"Wateja?"

"Wamejaa. Wengine nawafukuza."

"Wa hapa hapa Kashai?"

"Kashai, Kemondo, mpaka Izigo wananijua," alisema Shamsia, na ni kweli Izigo walimjua, maana ndiko alikozaliwa.

Avit akaandika yote kwa kidole kimoja, akashukuru, akaaga kwa adabu. Alikuwa mgeni mzuri. Hakubakiza hata buni moja kisahanini.

Kesho yake kanga ya Shamsia iliishia magotini. Siku zilizofuata alilala kwa kujikunja, kichwa kwenye pembe moja ya chumba alichopanga na miguu ikipanda ukuta wa pembe nyingine, na Ijumaa ilipofika alitoka chumbani kwa tumbo, kama mtu anayetoka mvunguni, na hakuweza kurudi ndani. Mwenye nyumba aliendelea kudai kodi ya chumba, kwa kuwa ndoo na godoro vilikuwa bado mle.

"Wamekukadiria?" aliuliza Kokubanza, jirani yake, aliyeuza ndizi mbivu na parachichi kwenye beseni kando ya kibanda.

"Wamenikadiria."

"Pole, waitu. Afadhali wewe umekua mwili mzima. Yule wa nyanya kule sokoni alianza miguu, kichwa kikachelewa."

Bukoba walikuwa wamekwisha kulizoea jambo hili. Tangu mfumo mpya ulipowekwa, mtu alichukua umbo la makadirio yake. Mwanzoni yalikuwepo maneno. Wengine walisema ni maji ya ziwa, wengine wakasema ni dagaa. Baadaye mafundi cherehani wakaacha kupima watu kwa futi, wakawa wanauliza tu umekadiriwa ngapi, na maneno yakaisha. Aliyekadiriwa sana alikua. Aliyekadiriwa kidogo alipungua. Aliyeona ameonewa aliruhusiwa kuweka pingamizi kabla ya mwezi kwisha. Mwezi ukiisha mifupa hukaza, na umbo hilo ndilo lako.

Shamsia hakuogopa urefu. Alichoogopa ni kukosa kibanda. Paa lake sasa lilimfika kiunoni, hakuweza kuingia, na akiinama kupikia nje, kifua chake kiliziba moshi mpaka wateja wakalia machozi. Chapati zilizotoka kwenye mikono ile zilikuwa pana kama ungo. Unga wa siku nzima ulikwisha kabla jua halijakolea, na vijana wa bodaboda wakalipa bei ya chapati ileile. Na kodi ya mtu wa kimo kile hakuna chapati ya kuilipa. Mwezi ukiisha akiwa hivi, kibanda ni cha kung'oa na kuuza mabanzi.

Kulikuwa na kingine. Kwenye kifundo cha mkono wake wa kushoto palitokea mstari wa ngozi iliyopauka, kama wa mtu aliyevaa saa juani miaka mingi. Shamsia hakuwahi kumiliki saa. Kokubanza alipanda juu ya kreti la soda kuutazama.

"Hii ni ya saa ya kiume," alisema. "Tena ya mtu mwenye pesa. Nenda kwa Ta Gamaliel akupunguze. Si ndiyo kazi yake?"

Ndiyo ilikuwa kazi yake. Gamaliel Mutalemwa alikuwa mshauri wa kodi kwa watu binafsi na wafanyabiashara wadogo. Ndivyo kibao chake kilivyosema, pale mjini, ghorofani, juu ya duka la vitenge. Na wateja wake walikuwa wadogo kweli. Hakuna aliyeingia mle akiwa mdogo. Waliingia wakubwa, wakatoka wadogo. Alikuwa na shahada mbili ukutani na msumari uliopigiliwa tayari kwa ya tatu. Alisoma Dar es Salaam, akaenda kumalizia Uingereza, na Kiswahili chake hakijapona tangu hapo.

Shamsia alipanda ngazi kwa magoti. Aliingiza bega moja, kisha la pili, akakaa sakafuni, na hata hapo macho yake yalikuwa sawa na feni. Akaomba radhi kwa kuziba taa.

"Nani kazima taa?" sauti ikanguruma kutoka mezani.

Juu ya meza, kwenye mto wa kitenge, alikaa Ta Byarugaba, mwenye malori, mwenye kinu cha kukoboa kahawa, mwenye vituo vya mafuta kutoka mjini mpaka Muleba. Zamani alikuwa mtu wa kuvunja viti. Kanisani alichongewa benchi lake peke yake. Mwaka wa kwanza wa kuhudumiwa na Gamaliel akawa wa kimo cha mtoto wa shule. Uliofuata akawa kama kuku. Sasa alikuwa sawa na birika, na kahawa aliinywa kwa kizibo cha chupa. Sauti tu ndiyo haikupungua, kwa kuwa kwenye ritani ya kodi hakuna mahali pa kujaza sauti.

"Ni mteja, Mzee," alisema Gamaliel. "Au anataka kuwa."

Alimsikiliza Shamsia huku akikata kucha. Akamuuliza kama ana mkopo benki. Hana. Ana mitambo iliyochakaa? Shamsia akataja kijiko kilichovunjika mpini. Ana safari za nje za kibiashara? Shamsia akasema aliwahi kwenda Mutukula kumzika shangazi.

"Mama, nikuambie ukweli," alisema Gamaliel, akipuliza kucha zake. "Mtu hapunguzwi hivi hivi. Kupungua, technically, kunataka mali. Mzee hapa ana hasara za kila aina, zote nzuri. Wewe una faida tupu."

"Faida gani, Ta Gamaliel? Wananikopa mpaka maji ya kunawa."

"Sasa yule kijana ulimwambia nini?"

Shamsia akaeleza: benchi, emwani, chai, inakwenda vizuri sana, wengine nawafukuza. Gamaliel akacheka mpaka akavua miwani. Ta Byarugaba akacheka mpaka akabiringika kutoka kwenye mto, ikabidi Gamaliel amdake kwa ukosi.

"Ulimwingiza ndani!" alisema Ta Byarugaba akining'inia. "Kaisiki, msichana wewe! Mimi si Mhaya kama wewe? Mgeni akiwa chini ya paa langu na mimi siwezi kumlilia njaa, ulimi unagoma. Kwa hiyo simwingizi. Namwekea kiti getini, juani. Asipokuwa chini ya paa si mgeni, ni mpita njia, na mpita njia unaweza kumlilia mpaka akuonee huruma. Mwaka jana mtu wa makadirio alinitolea nauli."

"Na ukaichukua?"

"Ningemrudishia? Ningemvunjia heshima."

Alipokuwa ananing'inia vile shati lake lilipanda, Shamsia akauona mkanda wake. Ulikuwa ni saa, ya dhahabu, na mshipi wake wa chuma ulizunguka kiuno huku uso wake ukikaa tumboni badala ya bizimu la mkanda. Shamsia akaunyosha mkono wake wa kushoto juu ya meza, kando yake, bila kuomba ruhusa. Mstari uliopauka ulikuwa na upana uleule. Hata alama ya kifungio ilikuwepo.

Ta Byarugaba aliutazama mkono ule kama mtu aliyekutana njiani na koti lake la zamani, limevaliwa na shamba boi.

"Kumbe umeupata wewe," alisema. "Ulikuwa mkono mzuri. Unauma kwenye baridi, utaona."

Gamaliel akafafanua, kwa upole wa mtu anayemsomea ng'ombe ratiba ya meli. Kinachopungua kwa Mzee hakitupwi ziwani. Mkoa una lengo lake la makusanyo, na lengo halipungui. Kinachotoka huku lazima kisimame kule.

"Na nikikupunguza wewe, vilevile," aliongeza. "Kitamwangukia jirani. Mara nyingi ni yule wa karibu kabisa."

"Jirani gani?"

"That is not our department," alisema Gamaliel.

Ada yake Shamsia hakuimudu, wakakubaliana alete chakula cha mchana pale ofisini mpaka mwisho wa mwezi. Yeye ataandika pingamizi, Avit atatumwa kwenda kukagua, na siku hiyo Shamsia asimkaribishe ndani. "Mkalishe nje, ulie," alisema Gamaliel. "Huo ndio ushauri wa kitaalamu."

Basi mwezi ule Shamsia alipika kando ya barabara na kupeleka chakula mjini, akikanyaga kwa uangalifu katikati ya pikipiki. Chapati moja ilitosha ofisi yote na mlinzi wa duka la vitenge. Ya Ta Byarugaba ilikatwa kwa kifuniko cha kalamu. Jioni, upepo wa ziwani ulipoanza, mkono wa kushoto ulimuuma kama alivyoambiwa. Malori ya Ta Byarugaba yalipopita madereva walipiga honi, na mkono ule ukawapungia wenyewe, kwa mazoea.

Kokubanza alimfundisha kulia. "Hapana, huko ni kupiga chafya," alimwambia. "Mfikirie mwenye nyumba. Eh, hapo sasa!" Shamsia alitaka kumweleza habari ya jirani wa karibu. Kila alipofungua kinywa Kokubanza alikuwa anamkatia kipande cha parachichi, akakila, na neno likashuka nacho.

Avit alirudi siku ya mwisho ya mwezi, adhuhuri. Shamsia alikuwa amemwekea kigoda nje, ukingoni mwa mtaro, hatua za kutosha kutoka kwenye bati. Hakumpa emwani. Hakumpa hata maji. Avit akaketi bila kunung'unika, akatoa simu yake, na kabla hajaifungua mvua ya Bukoba ikashuka, ile isiyotuma mtu mbele kutoa taarifa. Vijana wa bodaboda wakakimbilia kibandani wakajaa mpaka mabanzi yakalia. Hapakubaki pa kuingiza hata kuku. Avit akabaki pale kigodani, ameficha simu ndani ya shati, maji yakimtiririka kwenye pua na kuingia ndani ya viatu vyake vizuri.

Shamsia hakukusudia. Ni mgongo wake tu ulioinama. Mikono ikashika ng'ambo ya mtaro, kifua kikatanda juu ya kigoda, na Avit akajikuta mahali pakavu.

Akatazama juu, akafuta uso.

"Ahsante, dada Shamsia. Sasa nimekaribia."

Mvua ilipiga mgongoni pa Shamsia kama inavyopiga kwenye bati. Avit aliitoa simu, akaifuta kwa soksi.

"Biashara inaendaje?" aliuliza.

Shamsia akamfikiria mwenye nyumba, kama alivyofunzwa. Kilio hakikuja.

"Sema tu, usiogope," alisema Avit, na alikuwa na huruma ya kweli. "Pingamizi lako nimelisoma, na kibanda chenyewe nakiona. Kukupunguzia ninaweza. Mfumo utaomba jirani tu, basi." Akachungulia nje chini ya kwapa la Shamsia. "Yule wa ndizi, ana biashara?"

Kokubanza, aliyejifunika nailoni, alisikia. Akalisukuma beseni nyuma yake kwa kisigino.

"Mimi sina biashara!" alipiga kelele. "Hizi ndizi nakula mwenyewe! Na parachichi nakula! Mwache huyo huyo, keshazoea!"

"Zote hizo, Ma Koku?" kijana mmoja wa bodaboda alimwuliza kutoka kibandani. "Utapasuka!"

"Nipasuke! Tumbo lako?"

Wakacheka kibanda kizima. Shamsia alimtazama Kokubanza, ambaye alipanga kijichumba chini ya ngazi ya nyumba ya watu na alilala magoti kifuani akiwa na mwili wake wa kuzaliwa nao. Akamtazama Avit, anayesubiri kwa adabu, kidole juu ya kioo. Baadaye watu walisema kwamba alijibu kwa wema. Haukuwa wema. Kokubanza hata hakumpendeza wakati ule. Kilichompanda ni dharau, dharau nzito iliyotoka tumboni ikafika kwenye meno, kwa mtu mzima na malori yake anayekaa getini juani akililia nauli ya mtumishi wa watu. Alijiona anafanya hivyohivyo, na akajiona mdogo kuliko birika.

"Andika inakwenda vizuri," alisema. "Wengine bado nawafukuza."

Avit akaandika. Kabla mvua haijakatika, Shamsia alisikia mifupa yake ikikaza mmoja baada ya mwingine, kama milango inavyofungwa jioni kwenye nyumba kubwa.

Gamaliel alipopata habari alisema mteja amekataa ushauri wa kitaalamu, hivyo hakuna cha kurudishiwa, na kwamba chapati za Alhamisi zilizidi chumvi.

Kibanda Shamsia aliking'oa mwenyewe, kwa mkono mmoja, akamwuzia Kokubanza mabanzi kwa bei ya jirani. Kokubanza akajijengea genge. Tangu siku ile hakumtazama Shamsia usoni, jambo ambalo hakuna aliyeligundua, kwa kuwa uso ulikuwa mbali. Shamsia akawa mpishi wa shughuli. Kwenye harusi na misiba masufuria huwa makubwa, na hakuna paa. Watu walimsifu kwamba hachoki kukoroga. Alichopata kilikwenda kwenye makadirio, kwa awamu, na kilichobaki alinunulia unga.

Mwaka ulipogeuka ikafanywa sherehe ya kuwapongeza walipakodi, uwanjani, karibu na ziwa, na Shamsia akaitwa kupika pilau. Ta Byarugaba alichaguliwa kuwa mlipakodi mwaminifu kuliko wote, kwa kuwa alilipa yote aliyokadiriwa, kwa wakati, bila pingamizi. Zawadi ilikuwa kikombe cha fedha chenye masikio mawili. Gamaliel alifanya kazi nzuri sana mwaka ule: Ta Byarugaba alikuwa sasa wa kimo cha kijiko cha chai, saa yake ameiacha nyumbani, ikabidi wamwingize ndani ya kikombe ili ahutubie. Sauti ikavuma mle kama ngoma. Alizungumzia uzalendo.

Watu wa nyuma wakalalamika kwamba hawamwoni. Mgeni rasmi akageuka huku na huku, macho yake yakafika jikoni.

"Yule mama mrefu," alisema. "Hebu amnyanyue."

Shamsia akafuta mikono kwenye aproni, akakichukua kikombe, akakiinua juu ya mahema, juu ya spika, mpaka mahali upepo wa ziwani unapofika bila kugusa mtu. Kutoka pale kilionekana kisiwa cha Musira kimejilaza majini, na barabara ya Kemondo, na malori ya kahawa yakipanda moja nyuma ya jingine. Ta Byarugaba aliweka viwiko vyake kwenye ukingo wa kikombe, akatazama mali yake yote mpaka inapoishia.

"Kumbe huku ndiko kwenyewe," alisema hatimaye, na kikombe kikalibeba neno mpaka safu za nyuma. "Hewa safi, kila kitu unakiona. Na bado mnalalamika! Kumbe ninyi ndio mnaofaidi."

Uwanja mzima ukapiga makofi. Shamsia akamshusha taratibu, akamweka mezani mbele ya mgeni rasmi, akarudi kwenye masufuria, maana wali ulikuwa umeanza kushika chini.